Gari la Mabomba ya Nyumba

Fundi bomba yule aliitwa Yunioni, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Yunioni ni kile kiungo cha chuma kinachounganisha mabomba mawili, chenye nati nene katikati. Ukitaka kukifungua kesho, unakifungua kwa spana bila kukata kitu. Mafundi wengine huweka kimoja pale inapolazimu. Yeye aliweka kila mahali. Mteja akilalamika kwamba vifaa vimezidi, yeye alicheka na kusema, "Mama, hapa tunatia yunioni. Siku nikifa, atakayekuja asikuvunjie ukuta." Wateja nao walicheka. Nani angedhani kwamba siku yenyewe ilikuwa imekaribia kiasi kile?

Mkewe alikuwa mpishi katika shule ya bweni. Shule zikifungwa alifuatana na mumewe kazini, akimshikia tochi chini ya masinki na ndani ya mashimo ya maji machafu, mpaka akazijua spana zote kwa uzito wake. Ndiyo maana mumewe alimwita Tochi. Shemeji zake wakaliokota jina hilo, na hata mama mkwe wake, Bibi, akaacha kumwita mkwe.

Gari lilianza kwa sababu ya Bibi. Magoti yake yalikuwa yamekataa kazi kwa muda mrefu. Magari ya kukodi yalikuwa ama ya juu mno ama ya chini mno, na kila safari ilikuwa ya kusukumwa kwa nyuma na kuvutwa kwa mbele. Siku moja alishuka kwenye gari la mtu akiwa na machozi, si ya maumivu bali ya aibu. "Wamenipakia kama gunia," alisema.

Kesho yake Yunioni alimkalisha mama yake uani juu ya kiti alichokipenda, akachukua tepu ya kupimia, akapiga goti mbele yake, akampima kutoka ardhini hadi chini ya paja.

"Unanipimia jeneza?" Bibi akauliza.

"Nakupimia kiti, Mama. Nitajenga gari."

"Wewe? Fundi wa vyoo?"

"Mimi huyohuyo. Na safari ya kwanza ya gari hilo ni yako. Popote utakaposema, nitakupeleka."

Akajenga kweli. Fremu aliichomelea mwenyewe kwa vyuma vya mraba. Injini ilitoka kwenye kigari cha mizigo kilichopinduka, ambacho mwenye nacho alikuwa amechoka kukiangalia. Mlango wa mbele ulikuwa mpana kama wa kabati, na kiti cha Bibi kilikaa kwenye kimo kilekile cha tepu, ili ageuke, akae, aingize miguu, basi. Lakini kiti kile kilikula nafasi yote ya mbele, na injini ikalazimika kwenda nyuma. Rejeta, lile sanduku la mifereji myembamba ambamo maji ya injini hupozwa na upepo, ikabaki mbele. Kwa hiyo maji yalipaswa kusafiri urefu wote wa gari, yakienda yana moto na kurudi yamepoa.

Makanika yeyote hapo angetafuta mipira. Yunioni alikuwa fundi bomba. Alichukua mabomba ya chuma, yaleyale anayofunga katika nyumba za watu, akayachonga kwenye ncha nyuzi kama za skrubu, akazizungushia katani na rangi ili maji yasipenye, akapiga kona kwa viwiko, akayabana chini ya sakafu kwa vibanio vya chuma. Yalinyooka kama yamepigwa rula. Alipomaliza alimwita mkewe aje na tochi, wakalala chali wote wawili chini ya gari, bega kwa bega.

"Tazama kazi hiyo, Tochi," alisema. "Gari likioza, mabomba yatabaki."

Injini iliwaka, ikanguruma, majirani wakapiga makofi juu ya ukuta. Kabla gari halijatoka hata mtaa wa pili, Yunioni alianguka nyumbani kwa mteja akiwa na spana mkononi. Daktari alisema ni moyo. Mungu alitoa na Mungu akatwaa, na jina lake lihimidiwe, ingawa wiki zile midomo ilitamka maneno hayo na moyo ukayakataa.

Siku ya mazishi Bibi alikuwa amelazwa hospitali tangu kabla ya msiba kwa homa ya mapafu, ana mpira wa hewa puani, na madaktari hawakumruhusu kutoka. Mwanawe akazikwa kwenye makaburi ya juu kilimani, nyuma ya kanisa, mama yake akiwa kitandani anatazama dari. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, jambo la kwanza alilotaka ni kwenda kuliona kaburi. Jambo la pili ni kwamba hakutaka gari la mtu.

"Mama," Tochi alimbembeleza, "mzee wa kanisa ametoa gari lake. Ni zuri, lina kiyoyozi."

"Kiyoyozi nikifanyie nini? Mwanangu alisema nitakwenda kwa gari lake. Nitasubiri."

"Gari lenyewe linachemsha, Mama. Nimelijaribu, halifiki hata njia panda."

"Basi lipozeni."

Lakini kila alipokohoa, Tochi alisikia kitu kikikwaruza ndani ya kifua kile, na alijua kwamba Bibi anaweza kusubiri kwa ukaidi mpaka Mungu amwite bila ya kuliona kaburi la mwanawe. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, makanika wa malori. Mtaani walimwita Dizeli kwa sababu harufu hiyo haikumtoka hata Jumapili akiwa na suti. Alikuja Jumamosi asubuhi, akalizunguka gari mikono nyuma kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, kisha akachungulia chini.

"Shemeji," akasema, "hili ni gari au ni bafu?"

"Ni la kaka yako. Kama una la kumwambia, utamwambia mbinguni, ukifika."

"Kwa nini nisifike?"

"Kwa mdomo huo?"

Wakacheka, na kicheko kile kiliwasaidia, maana ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukaa uani pale bila mwenye uani. Dizeli akatandaza maboksi yaliyofunguliwa chini ya gari, wakajaza maji, wakawasha injini. Ikapata moto. Maboksi yakaanza kupokea matone: moja chini ya kiwiko cha mbele, jingine katikati, na nyuma karibu na injini matone yaliyofuatana kama tasbihi.

"Basi tumempata mwizi," Dizeli akasema.

Lakini mwizi hakuwa mmoja. Tochi ndiye aliyeingia chini na ile spana kubwa ya mabomba, akafungua kiungo cha mbele, akakisafisha, akazungusha katani mpya kama alivyoona ikifanywa mara nyingi, akakaza. Cha mbele kikakauka. Cha katikati kikazidi. Akakaza cha katikati, na cha nyuma kikaanza kurusha maji. Bomba la chuma ndivyo lilivyo: ukilizungusha upande huu, unalegeza upande ule. Dizeli alikaa juu ya ndoo akimtazama.

"Unacheza na kinanda, Shemeji. Ukibonyeza huku kunalia kule."

"Badala ya kuhubiri, nipe rangi."

Mwishowe yote yakakauka. Wakalitoa gari barabarani, Tochi kwenye usukani, na walipofika njia panda mshale wa joto ulikuwa umelala kwenye nyekundu na moshi wa maji ukitoka mbele. Safari hii hakuna kilichovuja. Maji yalikuwapo, ila yalikuwa yanachemka.

Wakasubiri lipoe. Dizeli alikataza kata kata mtu asiguse mfuniko wa rejeta. Aliwahi kuona mwenzake akiungua uso kwa haraka ya namna hiyo. Kisha akatoa kipande cha karatasi mfukoni, akakiweka mbele ya rejeta huku feni ikizunguka. Karatasi ingepaswa kuvutwa na kunata pale. Badala yake ikapeperuka, ikamgonga kifuani.

"Kaka! Kaka yangu!" Dizeli akashika kiuno. "Feni inapuliza mbele. Gari linakwenda huku, upepo unakuja, feni inaurudisha ulikotoka. Kaka alijua maji. Umeme aliufahamu kwa kuusikia redioni."

Akageuza waya mbili tu. Karatasi ikanata kama imegundishwa. Wakarudi nyumbani mshale ukiwa katikati, na Tochi akamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya majirani, mapema mno.

Maana walipolijaribu kwenye kilima kidogo cha nyuma ya soko, likachemka tena. Dizeli akafungua boneti ya nyuma na uso wake ukabadilika. Alipokwisha kulipoza na kufungua mfuniko, akawasha injini na kutazama maji. Yalikuwa yanatoa mapovu.

"Nini?" Tochi akauliza.

"Kama ni gasketi ya juu ya injini imeungua, moshi wa injini unaingia kwenye maji. Hapo ni injini nyingine, Shemeji. Sikudanganyi."

Wakasimama wote wawili wakiyatazama mapovu yale kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Dizeli akachomoa kijiti cha kupimia oili. Ingekuwa imechanganyika na maji ingekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Ilikuwa nyeusi, safi. Mapovu yakapungua, yakapungua, yakaisha.

"Si gasketi," akasema, na pumzi ikamtoka. "Ni hewa. Kuna hewa imejificha mahali, injini ikipanda mlima hewa inakaa mahali pa maji."

Tochi aliingia chini bila kuulizwa. Kule nyuma, mumewe alikuwa ameyapandisha mabomba juu ya mhimili wa magurudumu kwa viwiko viwili, na kuyashusha tena upande wa pili. Kilikuwa kilima cha chuma. Katika nyumba, bomba likipanda hivyo, fundi huacha njia ya hewa pale juu. Yunioni angelijua hilo hata akiwa usingizini. Lakini pale juu palikuwa na sakafu ya gari, na pengine alikusudia kulirudia. Tochi akatoboa sakafu, akafunga bomba dogo kwenye kile kilele, na mwisho wake akaweka koki ya bafuni. Walipoifungua, ililia fyuu kwa muda mrefu, ikatema, ikakohoa, kisha maji yakatoka mfululizo.

Dizeli akaketi chini kwa kicheko. "Gari lina bomba la kunawia! Abiria akitaka kuoga?"

"Atalipa zaidi."

Jumamosi iliyofuata wakapakia gunia la mchanga kwenye kiti cha Bibi ili uzito uwe kama wake, wakaenda kwenye barabara mbovu inayoelekea kilimani. Gari likapanda vizuri. Mshale ulikaa mahali pake, na Tochi alikuwa tayari anaimba wimbo wa kanisani aliposikia mlio mkavu nyuma, tak, na baada yake mvuke.

Kiungo cha karibu na injini kilikuwa kimepasuka. Hakikulegea, nyuzi zenyewe za chuma zilikuwa zimekatika. Walilivuta gari kwa kamba mpaka nyumbani, na njiani Dizeli hakutania hata mara moja. Uani aliwasha injini dakika chache, ikiwa na maji kidogo, akachukua mkono wa shemeji yake akauweka juu ya injini.

"Unasikia?"

"Inatetemeka."

"Imewekwa juu ya mipira ili itetemeke. Sasa shika bomba."

Bomba lilikuwa limebanwa kwenye fremu, limetulia kama ukuta.

"Hii inataka kucheza, hili halitaki," Dizeli akasema. "Katikati yao nani anaumia?"

"Nyuzi."

"Nyuzi. Kaka alifunga nyumba, Shemeji. Nyumba haiendi popote. Hili linakwenda. Utakaza leo, litakatika kesho, tena likiwa na Bibi ndani, katikati ya mlima. Mabomba yote yatoke. Nina mipira migumu ya lori, iliyofumiwa kitambaa ndani."

Tochi akatoa mkono. "Geuza waya. Badilisha injini ukitaka. Mabomba hayatoki."

"Shemeji."

"Hayatoki! Vyuma vya fremu na mabati alikatiwa na mtu mwingine. Injini ilikuwa ya watu. Kitu alichokifanya kwa mikono yake tangu mwanzo mpaka mwisho ni hayo mabomba. Nililala hapa chini naye akinionyesha. Leo niyatupe?"

"Nami nimesema uyatupe?"

"Umesema yatoke."

Dizeli alifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako," akasema polepole, akaondoka na hakuaga.

Tochi aliendelea peke yake. Kila jioni alipotoka kwenye sufuria za jikoni shuleni, alivaa ovaroli ya mumewe, akakunja mikono ya ovaroli hiyo mara kadhaa, akaingia chini. Alibadilisha kiungo kilichokatika. Kikavuja. Akaongeza katani. Kikavuja. Aliomba pia, alimwomba Mungu akaze pale yeye asipoweza kukaza. Siku moja, akiwa chali pale chini, tone la maji ya kutu likamwangukia kwenye paji la uso, na akalia kilio ambacho hakukilia hata msibani, kwa sababu msibani watu walikuwa wengi.

Jumapili baada ya ibada akaenda kumwona Bibi. Alimkuta amelala na mito mitatu mgongoni, maana akilala chini zaidi pumzi inakata. Mikono yake ilikuwa imepungua, pete inazunguka kidoleni.

"Limefikia wapi?" Bibi akauliza, kabla ya salamu.

Tochi akamweleza yote, hata ugomvi na Dizeli. Bibi alisikiliza macho yakiwa yamefungwa, mpaka Tochi akadhani amelala.

"Mwanangu aliniahidi mabomba?" Bibi akauliza.

"Hapana, Mama."

"Aliniahidi nini?"

"Kukupeleka."

"Sasa mbona unanipa mabomba?"

Bibi akafungua macho, akapapasa chini ya mto, akatoa shati la bluu lililokunjwa. Tochi alilijua, alikuwa amelitafuta nyumba nzima.

"Nililichukua siku aliyokuja kuniona hospitali, alivaa ovaroli ya kazi, akalisahau kwenye kiti," Bibi akasema. "Nimelikumbatia kila siku, kwa sababu lilinuka yeye. Sasa nimelikumbatia mpaka linanuka mimi. Yeye ametoka ndani yake, mwanangu. Tusimtafute humo." Akapumzika kidogo. "Ila si kwamba nitakupa. Ni langu."

Wakacheka kidogo, Bibi akakohoa sana, na Tochi akamshika mgongo mpaka kikohozi kikapita. Alitoka pale anatembea haraka. Barabarani akampigia simu Dizeli.

"Shemeji, nisamehe. Njoo na mipira yako."

"Nilishaikata," Dizeli akajibu. "Ipo kwenye gari tangu juzi. Nilikuwa nasubiri moyo wako upoe, maana huo ndio ulikuwa unachemsha."

"Mdomo huo, kweli hutafika mbinguni."

Kazi waliyodhani itawachukua siku nzima kwa msumeno na jasho haikuhitaji msumeno hata kidogo. Yunioni alikuwa ameweka viungo vyake kila mahali, vingi nyuma ya vibanio ambako Tochi hakuwahi kufika, kila kimoja nati yake imepakwa grisi. Tochi aliweka spana, akavuta mara moja, nati ikazunguka kama ya mtungi wa gesi. Ikafuata nyingine. Hakuna iliyokataa. Kufikia ya tatu alisimamisha mkono.

"Unakumbuka alichokuwa anawaambia wateja?" akauliza.

"Atakayekuja asikuvunjie ukuta," Dizeli akasema, na sauti yake ikavunjika yenyewe. Alijifanya anatafuta spana kwenye boksi. Alitafuta kwa muda mrefu.

Tochi akaelewa wakati ule kwamba mumewe hakuwahi kufunga kitu kwa nia kwamba kisifunguliwe. Alikuwa amemwachia ruhusa kwenye kila kiungo, na yeye alikuwa akiikaza. "Asante, Baba," alisema chini ya gari, na hakujua kama anamwambia Mungu au mumewe, na hakuona haja ya kuchagua.

Mabomba yalipotoka, wakayainamisha, na matope ya rangi ya kahawia yakamwagika. Mabomba yalikuwa yameanza kuliwa na kutu ndani kwa maji ya kawaida. Matope yale yangeendelea kwenda mbele na kuiziba rejeta. "Angeyaona haya, angeyatoa mwenyewe," Dizeli akasema, "na angejisema vibaya kuliko mimi." Waliisafisha rejeta kwa mpira wa bustani mpaka maji yakatoka meupe. Mipira ya lori ikapita chini ya mhimili, sio juu yake, na kila ncha ikapata klipu mbili za kubana. Hawakutia maji ya bomba tena. Walitia yale maalumu ya kijani yasiyoleta kutu. Ili hewa isijifiche, wakainua pua ya gari juu ya magogo, rejeta ikawa ndiyo juu kabisa, wakajaza taratibu mfuniko ukiwa wazi, Tochi akiikamua mipira kwa mikono kama anayekamua ng'ombe, mapovu yakapanda, wakaongeza, yakapanda, wakaongeza, mpaka pakatulia. Dizeli akaweka mfuniko mpya, maana mpira wa ule wa zamani ulikuwa umekauka na haukushika mgandamizo.

Wakatandaza maboksi tena. Asubuhi Tochi aliyapapasa yote kwa kiganja. Makavu.

Dizeli alimpa maagizo mlangoni. "Mlimani mshale utapanda. Usiogope. Ukipita katikati, feni itawaka yenyewe, utaisikia. Ikiwaka na mshale ukarudi, shukuru Mungu endelea. Ikiwaka na mshale usirudi, simama, zima, na usiguse mfuniko."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuja nyuma kwa pikipiki. Kama ni kusukuma, lazima awepo punda."

Bibi alivalishwa gauni la kanisani na, juu yake, lile shati la bluu. Wakamtoa nje kwa kiti mpaka ubavuni mwa gari. Mlango mpana ukafunguliwa. Alisimama akishikilia, akageuka, akaketi, akaingiza mguu mmoja, na wa pili. Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyemvuta. Akapapasa kiti pande zote mbili.

"Kimo chenyewe," akasema. Kisha akamgeukia Tochi. "Unangoja nini?"

Barabara ya kilimani ilikuwa ni mawe na makorongo, na Tochi aliendesha sikio moja likiwa nyuma, jicho moja kwenye mshale. Bibi aliongea njia nzima. Alilaumu mashimo, alimsalimia kila aliyemwona kwa mkono wa malkia, akauliza kwa nini gari halina redio. Kwenye kona ya mwisho, pale pakali kuliko pote, mshale ukaanza kutambaa. Ukafika katikati. Ukapita. 

"Unapanda?" Bibi akauliza. Kumbe naye alikuwa anautazama.

"Unapanda, Mama."

Bibi akafumba macho, midomo ikisogea. Mshale ukakaribia nyekundu. Tochi alikwisha kuweka mguu juu ya breki aliposikia mbele yao ule mngurumo wa feni, vuuu, ukianza chini na kukua. Mshale ulisimama pale ulipokuwa kama unaofikiri, kisha ukarudi nyuma, kidogo kidogo, kama mtu aliyebadilisha mawazo.

"Amina," Bibi akasema, bado macho yamefungwa.

Kanisa likatokea, na nyuma yake makaburi. Dizeli aliwakuta wamekwisha simama, akainama chini ya gari kabla ya kuvua kofia yake, akainuka akitikisa kichwa kwamba hakuna tone. Wakambeba Bibi kwa kiti, huyu huku na huyu huku, wakamweka kando ya udongo ambao bado ulikuwa mwekundu na haujaota majani.

Bibi hakulia kama walivyohofia. Aliinama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akachukua udongo kidogo, akausugua kwa vidole kama mtu anayepima unga.

"Nimekuja," alimwambia mwanawe. "Umenileta. Sikupakiwa kama gunia." Kisha akaomba, kwa sauti kubwa, sala ndefu isiyo na mpangilio: akamshukuru Mungu kwa mtoto aliyemkopesha, kwa mkwe mkaidi, kwa Dizeli na mipira yake, kwa mapafu yaliyofika mpaka leo. Hakuomba kitu. Tochi alisubiri sehemu ya kuomba, haikuja, na ikamwingia kwamba hata yeye, akitazama vizuri, siku hiyo hakuwa na cha kuomba.

Baada ya muda Dizeli akatazama jua. "Mama, twende? Upepo utakuumiza kifua."

"Tumepanda mlima mkubwa," Bibi akasema, bila kugeuka. "Acheni kwanza injini ipoe."

Injini ilikuwa imekwisha poa zamani. Dizeli alifungua mdomo, Tochi akamkanyaga mguu. Kisha akakunja gauni lake, akaketi chini kwenye majani karibu na miguu ya Bibi, na Dizeli naye, baada ya kusitasita kidogo, akavua koti lake, akamfunika mama yake mabegani, akaketi upande wa pili.